Mtoto wa miaka miwili hataki uji, anataka chai na andazi

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi miwili, uzito wake kilo 11.2. Uji wa lishe hautaki kabisa, akiona kikombe anafunga mdomo. Anachotaka ni chai ya maziwa na andazi, na hilo andazi anamega nusu tu. Usiku analala na chupa ya maziwa ya mililita 250, saa kumi na moja alfajiri anapata nyingine kama hiyo. Mimi natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, anabaki na dada wa kazi. Nina robo saa tu jikoni. Nimpikie nini ambacho atakula kweli? Mama, Dar es Salaam.

JIBU: Mama, anza na chupa kabla hujahangaika na mapishi. Tumbo la mtoto hukadiriwa kubeba mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo la mwanao linabeba kama 330 kwa mara moja. Chupa ya alfajiri peke yake ni robo tatu ya nafasi hiyo. Ukimletea uji saa moja, hamu ya kula imeshakatika, na hata ukibadilisha vyakula kila siku utapata jibu lilelile. Chai ya maziwa anaipokea kwa sababu ni tamu na haitaki kutafunwa.

Ongeza na hili: mwaka wa kwanza mtoto huongeza uzito hadi karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao, lakini mwaka wa pili huongeza kilo mbili na nusu hivi tu. Hamu ya chakula hushuka pamoja na kasi hiyo. Kilo 11.2 kwa mvulana wa umri wa mwanao ni uzito wa kawaida, kwa hiyo una muda wa kurekebisha mambo taratibu.

Punguza chupa ya alfajiri kwa mililita 50 kila baada ya siku mbili. Ndani ya siku kumi imekwisha. Akiamka na kiu, mpe maji kwenye kikombe. Maziwa ya usiku yahamishie kwenye kikombe wakati wa chakula cha jioni, kabla ya kupiga mswaki, maana maziwa yanayobaki mdomoni usiku kucha yanaozesha meno ya mbele. Kwa siku nzima asizidi mililita 500. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo mno, na mtoto anayeshiba maziwa anaacha vyakula vyenye madini hayo, mwisho damu inapungua. Chai nayo ina kemikali zinazoshika madini ya chuma tumboni yasifyonzwe vizuri. Kwa umri huu ningeiondoa kabisa mezani kwake. Andazi halina ubaya huo. Likae kando ya sahani, dogo, lisiwe ndio mlo.

Sasa uji. Kabla ya kusema mtoto anadeka, onja huo unga mwenyewe, mkavu, kwenye ncha ya ulimi. Unga wa lishe unaouzwa ukiwa na mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga ndani ya mfuko mmoja una tatizo la kiufundi: karanga na soya zina mafuta, na mafuta yaliyosagwa yakikaa kwenye joto la Dar es Salaam yanaharibika. Uji unakuwa na uchungu kwa mbali na harufu ya mafuta ya zamani. Mtu mzima anazoea, mtoto anakataa, na hapo mtoto ana haki. Soya isiyoiva vizuri kabla ya kusagwa huleta pia ladha ya maharage mabichi, huzuia protini isimeng'enywe vizuri na kujaza tumbo gesi. Nunua unga wa nafaka moja, ulezi au mahindi, karanga uziweke wakati wa kupika.

Kosa la pili ni wepesi. Kikombe cha uji uliopikwa kwa kijiko kimoja cha unga na kijiko cha chai cha sukari kina kama kilokalori 50. Mtoto huyu anahitaji takribani 1,000 kwa siku, na asubuhi nzuri ingempa 250 hadi 300. Ili apate hizo kwa uji wa namna hiyo angelazimika kunywa vikombe vitano. Kwa hiyo upike mzito: vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ulezi, vilivyojaa, kwa kikombe kimoja na nusu cha maji. Koroga unga kwanza na nusu kikombe cha maji baridi, kisha mimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga. Ukiutia unga mkavu kwenye maji ya moto, nje ya kila bonge inaiva na kufunga, ndani unabaki mbichi, na bonge moja mdomoni linatosha kumfanya mtoto akatae kikombe wiki nzima. Uache uchemke dakika kumi hadi kumi na tano kwa moto mdogo. Mwishoni vuruga kijiko kimoja cha chakula cha siagi ya karanga na nusu ya ndizi mbivu iliyopondwa. Ndizi inaleta utamu, sukari huihitaji. Mpe kwa kijiko kwenye bakuli, si kwenye kile kikombe anachokikimbia. Ukiinamisha kijiko, uji ubaki juu yake.

Kama uzito wa uji wenyewe ndio anaoukataa, tumia kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Uji ukishaiva, epua, uache upoe mpaka uwe moto wa kati, nyuzi kama 60, kisha tia nusu kijiko cha chai cha unga wa kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji unalainika na kuwa mwepesi mdomoni, ilhali unga ni uleule na nguvu ni ileile. Urudishe jikoni uchemke tena dakika mbili tatu, kwa sababu kimea ni kibichi na kinaweza kuwa na vijidudu. Watu wengi wanatia kimea uji ukiwa bado unatokota, halafu wanasema hakifanyi kazi. Joto hilo linaua kilainishi chenyewe kabla hakijaanza kazi.

Kwa asubuhi yako, upike uji bila maziwa wala ndizi, suuza chupa ya chai kwa maji yanayochemka, mimina uji ukiwa unachemka, funga. Dada atauongeza ndizi na siagi ya karanga saa ya kula. Maziwa yakikaa humo muda mrefu yanaweza kuchacha.

Siku asizotaka uji, usimlazimishe aupende. Chapati ndogo za maji za ndizi zinakupa karibu kila kilichomo kwenye uji, naye anazishika mwenyewe, na kwa mtoto wa miaka miwili kushika mwenyewe ni nusu ya kukubali. Ponda ndizi mbivu moja iliyoanza madoa, piga yai moja ndani, ongeza vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano au ulezi. Paka mafuta kidogo kwenye kikaango, moto mdogo, weka kijiko kimoja kimoja. Geuza pale pembe zinapokauka, kama dakika tatu, upande wa pili dakika mbili. Zinatoka sita hivi. Sukari ya ndizi inaungua haraka, ndiyo maana moto mkubwa huzifanya nyeusi nje na mbichi ndani. Na usipoweka unga kabisa, zitachanika ukigeuza. Zote sita, pamoja na mafuta, ni kama kilokalori 250. Akila nne, asubuhi hiyo imeenda vizuri. Kama una friji, pika jioni na uzipashe asubuhi mpaka ziwe moto hadi ndani. Kama huna, usizilaze, zina yai.

Yai peke yake ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Lichemshe dakika kumi hadi kumi na mbili, kiini kiive kabisa. Watoto wengi wanatema kiini kwa sababu ni kikavu na kinakwama kooni. Kiponde na kijiko kimoja cha parachichi, kinateleza. Ukipenda la kuvuruga, kwaruza karoti kidogo au kata nyanya ukitoa mbegu na maji yake, vinginevyo yai linatoa maji na kulegea, na ulegevu huo ndio wanaoukataa.

Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina vitamini A kwa wingi. Vikate vipande vya sentimita mbili, vinaiva ndani ya dakika kumi na mbili. Ponda, tia kijiko cha chai cha mafuta au siagi ya karanga, kwa kuwa vitamini A inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Mkate uliopakwa siagi ya karanga nyembamba na kukatwa vipande virefu kama kidole nao unafaa. Kando yake weka papai, chungwa au embe, ambavyo vitamini C yake husaidia kufyonza madini ya chuma ya nafaka.

Kuhusu karanga, zichague kwa mkono kabla ya kusaga: zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupe. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki yote kwa kukaanga. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumu hiyo, hili si jambo la kupuuza. Na karanga nzima usimpe kamwe kwa umri huu, wala bisi. Zinaziba njia ya hewa.

Mezani, aketi saa moja na nusu asubuhi hivi, nusu saa au zaidi baada ya kuamka, runinga na simu vikiwa vimezimwa. Mpe kitu kimoja anachokijua na vijiko viwili vya kile anachokikataa. Muda uwe dakika ishirini. Asipokula, ondoa sahani bila maneno, na mpaka saa nne apate maji tu. Chakula kipya huhitaji kuonekana mara nane hadi kumi na tano kabla mtoto hajakikubali, na wazazi wengi wanakata tamaa mara ya tatu. Kaa na dada umweleze mpango huu kwa utulivu. Yeye ndiye anayebaki na kilio, na biskuti ya saa mbili anaitoa kwa huruma, lakini inaharibu kila kitu.

Asimbane pua wala kumlaza ili kumnywesha uji. Uji ukiingia kwenye mapafu unaweza kuleta nimonia, na mtoto aliyelazimishwa anaogopa hata kijiko.

Nenda kliniki na kadi yake ikiwa mstari wa uzito umelala au kushuka kwa miezi miwili mfululizo, ikiwa mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 12.5, ikiwa viganja na ndani ya kope vimepauka, anakula udongo, au anapaliwa na kukohoa kila anapomeza. Omba apimwe wingi wa damu, na uulize kama dawa ya minyoo na matone ya vitamini A ya miezi sita hii ameshapata.