Kapteni akistaafu, kiti chake hakikufuati ulipo

Mleta uzi, swali lako nimelisoma mara mbili. Umemaliza kidato cha sita, upo Lindi, na mjomba wako yuko tayari kuuza shamba la mikorosho la Nachingwea akulipie ada ya urubani, kwa kuwa mmesikia marubani wengi duniani wanafikia umri wa kustaafu na nafasi zitakuwa tele. Umeomba aliyepita njia hiyo akujibu. Mimi nimepita. Ni mtoto wa Mikindani, naendesha ndege za abiria, na kungoja wakubwa wastaafu kumenila miaka mingi kuliko masomo yenyewe.

Huku kwetu tukisikia kustaafu tunamfikiria mwalimu au muuguzi: 55 kwa hiari, 60 kwa lazima, barua inakuja, mzee anarudi kijijini kwake. Rubani hayuko hivyo. Kwa safari za kimataifa, ICAO, ambalo ni shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, liliweka kikomo cha miaka 60 kwa muda mrefu. Novemba 2006 kikapandishwa hadi 65 kwa ndege yenye marubani wawili, kwa sharti kwamba mmoja akishavuka 60, mwenzake awe chini ya hapo. Novemba 2014 sharti hilo nalo likaondolewa. Anayerusha ndege peke yake amebaki na 60 yake.

Usiione kama habari ya makaratasi. Marekani walikuwa na kikomo cha 60 tangu 1960. Desemba 2007 sheria ikasainiwa, ikawa 65. Kapteni aliyekuwa amebakiza wiki chache aage akajikuta ana miaka mitano mbele yake, na rubani msaidizi aliyekuwa akihesabu siku nyuma yake akaongezewa miaka hiyohiyo ya kungoja. Mwaka uliofuata uchumi wa dunia ukaanguka, foleni ikaganda kabisa. Mwaka 2024 Bunge lao likajadili kufika 67, mwishowe wakabaki na 65. Tarehe unayoipigia hesabu leo inaweza kusogezwa na watu usiowajua, wakati shamba limeshauzwa.

Sasa yangu. Nilimaliza mafunzo Afrika Kusini mwaka 2008 nikiwa na saa mia mbili na kitu za kuruka na leseni ya rubani wa biashara. Nikarudi nyumbani nikakaa miezi ishirini bila kazi. Msimu wa korosho nilikuwa ghalani na mjomba wangu, napima magunia, leseni ipo sandukuni. Baadaye nikapata kazi ya kurusha Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja: Mafia, Songosongo, Kilwa, siku nyingine mara nne kutwa. Huko ndiko nilikokusanya saa hadi nikavuka 1,500, ambazo ndizo zinazotakiwa kwa leseni ya juu, ile unayohitaji ili uwe kapteni wa ndege kubwa. Mwaka 2013 nikaajiriwa na kampuni moja, rubani msaidizi, kiti cha kulia.

Siku ya kwanza nilifanya unachokifanya wewe. Nikauliza umri wa makapteni. Wanne wangefika 60 kabla ya mwisho wa 2016, na mbele yangu kwenye orodha walikuwepo wasaidizi watatu. Nikamwandikia mama kwamba baada ya miaka mitatu nitakuwa na mistari minne begani, yaani kapteni.

Orodha hiyo uielewe vizuri, maana ndiyo maisha yetu. Kampuni nyingi za ndege hupandisha watu kwa tarehe ya kuajiriwa. Uliyeingia jana uko nyuma ya aliyeingia juzi, hata kama wewe ni hodari zaidi. Namba yako ndiyo inayoamua utarusha ndege ya aina gani, utapata likizo lini, utahamia lini kiti cha kushoto, kile cha kapteni. Ukihama kampuni, kwa kawaida unaanza chini upya. Kwa hiyo kapteni wa kampuni nyingine akistaafu, wewe hakukusogezi, isipokuwa kama kapteni wako ameondoka kwenda kuziba pengo lile.

Na wale wanne hawakuondoka. Walipofika 60 kampuni iliwapa mikataba, mwaka mmoja mmoja, kuelekea 65. Sikuwalaumu wazee wale. Walikuwa wazima na walijua kazi. Kapteni mwingine, nje ya wale wanne, alikwama kwenye uchunguzi wa afya akiwa na 58, presha, na kiti chake kikafunguka ghafla bila mtu kujiandaa. Aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alikuwa bado ana upungufu wa saa, akarukwa.

Tulichosogea miaka ile tulisogezwa zaidi na ndege mpya kuliko na wazee kustaafu. Ndege moja ya safari fupi huhitaji jozi kama nne hadi sita za marubani ili isikae chini. Mtakumbuka Air Tanzania ilipopokea ndege mbili za Q400, zile za mapanga, Septemba 2016, kisha ndege za jeti, 787 na A220, mwaka 2018. Nafasi za namna hiyo huvuta watu kutoka kila upande, na waliobaki nyuma wanasogea.

Halafu 2019 wazee wangu wakaondoka kweli, wawili mwaka mmoja. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu, nami nataka ulijue mapema. Wale wawili ndio waliokuwa wakufunzi wetu. Kupanda kuwa kapteni si barua ya ofisini: kuna simuleta, ile mashine ya kuigiza urushaji ndege, kuna majaribio, kuna safari nyingi za abiria ukiwa kiti cha kushoto na kapteni mkufunzi kulia kwako, kisha mtahini ndiye anayekuidhinisha. Cheo cha ukufunzi huchukua miaka kukipata, na wenye nacho wengi ni hao hao wenye mvi. Kampuni ilikuwa na viti viwili vitupu na mkufunzi mmoja. Jina langu lilikuwa juu ya orodha, na bado nilingoja miezi saba zamu yangu ya mafunzo. Kabla haijafika, ikaja korona. Nilivaa mistari minne mwishoni mwa 2021.

Niliumia, sitaficha. Mtu angeketi tu mwaka 2015 akatazama tarehe za kuzaliwa za wale wakufunzi, angeandaa wengine wawili mapema. Mkulima wa huku anajua kwamba mkorosho mpya unaanza kuzaa kama mwaka wa tatu, kwa hiyo huchukua miche Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwara, akaipanda wakati mikongwe bado inazaa. Hasubiri shamba liwe jeupe.

Sasa tuje kwako. Una miaka 19. Chuo, kama pesa haikatiki, utatoka na 21. Saa 1,500 zikienda vizuri uko kwenye 25 au 26. Anayestaafu mwaka huu atarithiwa na mtu ambaye tayari ana namba kwenye orodha, na nyuma yake wapo wengine. Wanaokuhusu wewe ni makapteni ambao leo wana miaka 50 hivi. Wao ndio watakaokufundisha, na wao ndio watakaokuachia kiti. Kwa hiyo usiulize wanastaafu wangapi. Uliza kampuni ina wakufunzi wangapi walio chini ya miaka 50, na ina ndege ngapi zinazokuja ambazo zimeshalipiwa.

Sikukatazi. Nilikua enzi barabara ya Dar ilikuwa haipitiki masika, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa Rufiji mwaka 2003, na ndege ikipita juu ya Mikindani sote tulitoka nje. Ninaijua hamu uliyo nayo. Ila mjomba asiuze shamba lote. Kile kipindi cha kutoka chuoni hadi kazi ya kwanza hakina mshahara, na shamba ndilo lililonilisha mimi miezi ishirini. Auze sehemu tu, kama ni lazima.

Na kabla hajauza hata mkorosho mmoja, nenda Dar ukapimwe afya kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, daraja la kwanza: macho, masikio, moyo, rangi. Nimesoma na kijana aliyegundua hawezi kutofautisha rangi vizuri wakati ameshalipa nusu ya ada. Ukipata cheti hicho rudi kwenye uzi huu uandike, nikutajie maswali ya kuwauliza chuoni kabla hujasaini kitu. Mjomba wako mpe shikamoo yangu.