Mako isilipuliwe na thresher maw

Pole mkuu. Umesema gari lako la deraya kwenye mchezo wa video wa Mass Effect, Mako, linalipuka kila yule mnyoo mkubwa, thresher maw, anapoibuka toka ardhini. Nami nilikwama hapohapo. Usisimame kabisa! Akizama, ondoka ulipo upesi, maana akitokea chini ya gari hakuna kupona. Akiibuka mbali, mzunguke ukimpiga kwa mzinga, na asidi ikija, ruka kwa jeti za gari. Ngao ikikaribia kuisha, kimbia kwanza ijijaze. Kukarabati bodi kunakula omni-gel, ile akiba ya mchezoni ya kufanyia matengenezo. Hifadhi mchezo mapema, katikati ya pambano haikubali. Halafu, kwenye toleo la 2007 ukiua ukiwa ndani ya Mako unapata pointi chache za uzoefu kuliko kwa miguu. Toleo la 2021 liliondoa hilo.