Kabla Hujachomoa Waya wa Ruta

Kwa miaka mingi, ruta (kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani) ikisumbua, dawa yangu ilikuwa moja tu: chomoa, hesabu hadi kumi, chomeka. Ilisaidia mara nyingi, na hapo ndipo iliponiharibia. Ruta nyingi huweka kumbukumbu za matukio kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukizimwa, kwa hiyo ukizima umefuta ushahidi. Kasoro ikirudi baada ya siku tatu, unaanza upya bila kujua lolote.

Iliyonibadilisha ni kasoro moja ya ajabu. Nilikuwa nimebadilisha ruta. Tovuti nyingine zikafunguka mara moja, nyingine zikazunguka tu hadi zikakata tamaa. Ujumbe mfupi unakwenda, ukiambatisha picha unaganda. Ping, ile amri ya kupima kama kompyuta ya mbali inafikika, inajibu bila wasiwasi. Nilibadilisha kebo, nikampigia mtoa huduma mara mbili nikiwa nimefura, kumbe yeye hahusiki.

Tatizo lilikuwa ukubwa wa pakiti, vile vifurushi vidogo ambavyo data husafiria. Kwa kawaida Ethernet hubeba pakiti ya baiti 1500, lakini muunganisho wa PPPoE (njia ambayo baadhi ya watoa huduma hutumia kukuingiza mtandaoni) huchukua baiti 8 kwa kazi zake, zikabaki 1492. Pakiti iliyozidi hapo inapokataliwa, mtumaji hurudishiwa taarifa ya ICMP (ujumbe wa hitilafu wa mtandao) inayomwambia apunguze. Baadhi ya seva zimefungiwa taarifa hizo na waliozilinda kupita kiasi, basi mtumaji hajui kitu, anatuma pakiti ileile tena na tena.

Kupima ni rahisi. Kwenye Linux andika ping -M do -s 1472 na anwani unayotaka. Kwenye Windows ni ping -f -l 1472. Ikigoma, jaribu 1464. Hiyo ikipita, umempata mchawi: ongeza baiti 28 za vichwa vya pakiti, unapata 1492. Sasa tafuta kwenye ruta mpangilio wa kurekebisha MSS, yaani ukubwa wa data ndani ya pakiti moja (OpenWrt, programu huria ya ruta, wanauita mtu_fix, kwenye ukanda wa wan, upande wa mtandao wa nje) uuwashe, ili pande zote mbili zikubaliane pakiti ndogo tangu mwanzo. Mimi kwanza nilishusha MTU, kikomo cha ukubwa wa pakiti, kwenye kila simu na kompyuta, kazi ya jioni nzima. Alipokuja mgeni na simu yake, tatizo likarudi naye.

Kasoro ya pili ni ya saa. Ruta nyingi hazina betri ya kutunza saa. Zikiwaka baada ya umeme kukatika huamini ni tarehe ya zamani. Kwa kawaida haidhuru, zinauliza seva ya NTP, seva ya kutoa saa sahihi, na kujirekebisha. Lakini mimi nilikuwa nimewasha DNSSEC, ulinzi wa DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba za IP), ambayo saini zake zina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ruta yenye saa ya nyuma inaona saini zote ni batili, inakataa kila jina, pamoja na jina la seva ya saa yenyewe. DNS inangoja saa, saa inangoja DNS, na nyumba nzima inakungoja wewe. Nilichofanya ni kuandika seva ya NTP kwa namba ya IP badala ya jina. Si suluhisho zuri, maana namba inaweza kubadilika, ila ruta ikawa inaamka yenyewe.

Nyingine ni za kupita tu. Simu za intaneti zinazosikika upande mmoja: zima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachozigusa pakiti za simu hizo, kabla ya kitu kingine chochote, sijawahi kuijutia. Wi-Fi ya 5 GHz inayochelewa kuonekana baada ya ruta kuwaka huenda haina kasoro yoyote. Iko kwenye chaneli inayotumiwa pia na rada, na sharti isikilize kama kuna rada kwa angalau sekunde 60 kabla ya kutangaza. Ihamishie chaneli ya 36 hadi 48. Na kama umewasha SQM, mpangilio wa kusimamia foleni ya pakiti, ili simu za video zisikatike mtu akipakia faili kubwa, halafu huoni tofauti, angalia kama umewasha pia ile huduma ya kuharakisha pakiti kwa maunzi. Inazipitisha kando ya foleni, SQM haizioni kabisa.

Kuhusu kusasisha programu ya ruta: soma sehemu ya matatizo yanayojulikana kwenye maelezo ya toleo jipya, ndiyo sehemu ya ukweli zaidi katika hati nzima. Pakua na toleo la zamani ulihifadhi kwenye kompyuta kabla hujabonyeza chochote, maana ruta ikigoma hutakuwa na intaneti ya kulitafutia. Chini ya ruta yangu nimebandika karatasi kwa selotepu: 1492, namba ya seva ya saa, namba ya toleo la mwisho lililonitulia. Mwandiko umeanza kufifia kwa joto la ruta, inabidi niiandike upya.