Ukimtengenezea mteja blogu, mfikirie atakayeiandika

Mteja akisema anataka blogu, mara nyingi anachokiona kichwani ni ukurasa wa mbele tu: nembo juu, picha kubwa zinazobadilishana, rangi za kampuni. Makala hazitaji. Mtengenezaji naye anajua kwamba ukurasa wa mbele ndio atakaowaonyesha wateja wengine, kwa hiyo anakimbilia huko huko. Ndiyo maana mtandaoni kumejaa blogu nadhifu zenye makala tatu, na ya mwisho ni salamu za mwaka mpya ambao kila mtu ameshausahau.

Ninachowaambia vijana wanaoingia kwenye kazi hii ni kwamba blogu haipimwi siku ya kukabidhi. Ipime baada ya miezi sita, uone kama mwenyewe bado anachapisha bila kukupigia simu. Karibu kila uamuzi ninaofanya, kuanzia menyu hadi mkataba, nauamua kwa kipimo hicho.

Nichukue kazi moja kama mfano. Mteja ni bwana shamba mstaafu wa Morogoro, anawashauri wakulima wa mboga na wafugaji wa kuku wa kienyeji. Siku ya kwanza aliniambia, "Kijana, mie nataka zile picha zinazoteleza." Nikamjibu, "Sawa mzee, tutafika huko. Kwanza naomba makala zozote ulizokwisha kuandika." Hakuwa nayo hata moja. Alichokuwa nacho ni simu iliyojaa ujumbe wa WhatsApp: wakulima wanauliza, yeye anajibu, wakati mwingine kwa aya nne nzima zilizopangika kuliko vijitabu vingi vya ushauri.

Hapo ndipo blogu yake ilipokuwa. Tulikaa tukapitia majibu yale, tukatoa majina na namba za watu, tukayapanga kwa maswali. Maswali yanayojirudia yakatupa menyu: nyanya, mboga za majani, magonjwa ya kuku, chakula cha kuku, masoko. Sikuyabuni mimi mezani, na sikuyanakili kutoka blogu ya kilimo ya Marekani. Mteja mtaalamu karibu siku zote ana hazina ya namna hii. Wakili anayo kwenye barua pepe, mwalimu kwenye madaftari, fundi kwenye sauti za WhatsApp. Iombe kabla hujafungua programu yoyote ya usanifu. Mkataba wangu unasema wazi kwamba kazi ya kusanifu haianzi mpaka nipate makala tano zilizokamilika. Wapo wateja wanaonuna. Wanaonuna sana huwa ndio wale ambao wangeniachia tovuti tupu.

Majibu yale yalitusaidia na kwenye vichwa vya habari. Mkulima mwenye nyanya zilizoliwa haandiki Tuta absoluta kwenye Google, anaandika kantangaze. Mfugaji anatafuta dawa ya kideri, mwenzake wa mkoa mwingine anaandika mdondo, na ugonjwa ni ule ule. Basi kichwa cha habari kinabeba jina linalotumika zaidi kwa wasomaji wenu, aya ya kwanza inataja na majina mengine, na jina la kitaalamu linafuata baadaye kwa atakayelihitaji dukani. Kazi hii ndogo, kwa blogu ya Kiswahili, naiona ina faida kuliko plagini nyingi (programu ndogo za kuiongezea tovuti uwezo) zinazouzwa kwa ahadi ya kukupandisha kwenye utafutaji.

Sasa usanifu. Sanifu kwa Kiswahili chenyewe, usitumie yale maandishi ya Kilatini ya kujazia nafasi. Maneno yetu ni marefu. Kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza kitapasuka ukikiandika "Jiandikishe kupokea makala", na menyu yenye "Ufugaji wa kuku wa kienyeji" itashuka mistari mitatu kwenye simu. Fupisha maneno au badilisha umbo, lakini yaone mapema. Kisha kagua kiolezo ulichonunua, yaani ule muundo wa tovuti uliokwisha kutengenezwa: mara nyingi makala ziko kwa Kiswahili huku vitufe, tarehe na fomu ya maoni vikibaki kwa Kiingereza. Andika "Endelea kusoma", "Toa maoni", "Tafuta". Na lugha ya tovuti iweke kuwa Kiswahili kwenye mipangilio, maana programu zinazowasomea wasioona huangalia hapo. Ukiacha Kiingereza, Kiswahili chako kinaweza kusomwa kwa matamshi ya kigeni yasiyoeleweka.

Kuhusu picha za kuteleza, tulizungumza kama nilivyoahidi. Nilimpa mzee simu ya bei nafuu yenye bando la kawaida, nikamwambia afungue tovuti moja yenye picha hizo. Alisubiri, akasubiri tena, akanirudishia simu yangu. Hatukuzitaja tena. Google inashauri kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na picha tano zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu, kila moja na megabaiti zake kadhaa, hazikufikishi hapo. Mimi huzipunguza picha hadi upana wa pikseli 1,200 hivi na kuzigeuza kuwa WebP, muundo wa picha nyepesi ambao WordPress, programu ya kuendeshea blogu, inaupokea tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021. Ila usitegemee mteja akumbuke kufanya hivyo kila wiki. Weka plagini moja ya kupunguza picha zenyewe zinapopakiwa, umemaliza.

Nimetaja WordPress, na ndiyo ninayoitumia kwa kazi za namna hii. Ilianza mwaka 2003, inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani, na faida yake kubwa kwa mteja ni kwamba ukifa, ukihama au ukikosana naye, atampata fundi mwingine wa kuendeleza. Mfumo ulioandika mwenyewe usiku kucha unaweza kuwa mzuri kuliko huo, lakini unamfunga mteja kwako. Kuhusu plagini, chache. Kila unayoiongeza ni kitu kingine cha kusasisha, na isiyosasishwa ndiyo mlango wa wezi.

Akaunti ya kila siku ya mteja naipa ngazi ya mhariri. Akiingia anaona makala, picha na maoni, haoni vitufe vinavyoweza kuangusha tovuti. Akaunti ya msimamizi mkuu anayo pia, imeandikwa na kuhifadhiwa, kwa sababu ni mali yake.

Hapa kwenye mali nataka nikae kidogo. Wateja kadhaa wamenijia wakilia: jina la tovuti limepotea. Ukichunguza unakuta fundi wa kwanza alilisajili kwa jina lake na barua pepe yake, kisha akabadilisha namba. Taarifa za kulipia upya zikaenda kwenye barua pepe ambayo mwenye biashara hajawahi kuiona. Wakati mwingine ni uzembe tu, wakati mwingine ni mtego wa makusudi, na kwa mteja hasara ni ile ile. Jina la tovuti linaloishia na .co.tz au .tz linasajiliwa kupitia mawakala waliothibitishwa. Mkae pamoja, lisajiliwe kwa jina la mteja, barua pepe yake, namba yake, na alipe mwenyewe kwa simu yake huku unamwelekeza. Hostingi, yaani nafasi inayokaa tovuti mtandaoni, vivyo hivyo. Cheti cha usalama kisikugharimu wala kisimgharimu: Let's Encrypt inatoa bure, na kampuni nyingi za hostingi zinakiwasha kwa kubofya mara moja. Ukimtoza mteja laki kadhaa kwa kitu hicho, siku akijua hatakusamehe.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi huliruka: sheria. Kwa Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wawe na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na wakati ule gharama za kuanza zilizidi shilingi milioni 2. Kanuni mpya zilitoka mwaka 2020 na baadaye zikafanyiwa marekebisho, kwa hiyo usimpe mteja jibu la mtaani. Msome pamoja kanuni zinazotumika sasa, kisha aulize TCRA kama aina ya maudhui yake inahitaji leseni. Akikusanya namba za simu au barua pepe za wasomaji, anaingia pia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mzee wetu alipoelewa hilo aliamua fomu yake iombe jina la kwanza na barua pepe tu. Mambo ya kata, kijiji na idadi ya kuku yakaondolewa. Fomu ikawa fupi, ikapendeza.

Malipo: mimi nachukua nusu kabla, robo anapoona tovuti ikifanya kazi kwenye simu yake, robo ya mwisho baada ya mafunzo. Ile robo ya mwisho inanilazimisha kufundisha vizuri, na ndiyo maana naiweka. Mafunzo yenyewe hayana slaidi. Mteja anakaa mbele ya kompyuta, au anashika simu kama ndiyo atakayoandikia, mimi mikono mifukoni. Anaandika makala mpya mwanzo hadi mwisho, anaweka picha, anaihifadhi kama rasimu, anairudia, anaichapisha, kisha anakosea makusudi na kurekebisha. Anapokwama, nakitazama kilichomkwamisha, maana mara nyingi tatizo ni mpangilio wangu. Mzee alikwama kwenye kuchagua kundi la makala kwa sababu nilikuwa nimeweka vikundi vidogo ndani ya vikubwa. Nikavifuta vidogo vyote, akaendelea.

Matunzo ya kila mwezi yawe na mkataba wake: kusasisha, nakala rudufu inayokaa nje ya hostingi ile ile, na kuirejesha kwa majaribio kila baada ya miezi kadhaa, kwa sababu nakala ambayo hujawahi kuirejesha huwezi kujua kama ni nzima. Kuandika makala hakumo. Mteja akitaka umwandikie, hiyo ni kazi nyingine na bei yake nyingine, na mwambie hivyo siku mnapokubaliana bei ya kwanza.