Jibu: Kokani hawashiki chambo cha kayaki, Ziwa Chelan

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba, katika Ziwa Chelan jimboni Washington, kitafuta-samaki kinakuonyesha kundi la kokani (samaki wadogo jamii ya samoni wanaoishi ziwani maisha yao yote) chini yako, lakini chambo unachokikokota kwa kayaki, yaani mashua nyembamba ya kasia, hakiguswi, na wachache wanaonaswa huponyoka kabla ya kufika kwenye wavu.

Kagua mwendo kwanza. Kokani hufuata chambo kinachokwenda taratibu, takriban kilomita 2 kwa saa, na mpiga kasia mwenye nguvu huvuka kiwango hicho bila kuhisi. Tazama GPS, piga kasia kwa mapigo mafupi, na uende kwa kupindapinda, kwa sababu chambo hubadili kasi kwenye kona na mara nyingi hapo ndipo samaki hushika. Upepo ukikusukuma kutoka nyuma, geuka uukabili.

Kisha kina. Wakati wa kiangazi samaki hawa hupenda maji ya nyuzi 10 hadi 13 hivi za Selsiasi, ambayo huwa mbali chini ya uso wa ziwa, kwa hiyo ongeza uzito wa risasi na upitishe chambo juu kidogo ya kundi, kamwe si chini yake. Ukitumia kibati king'aacho cha kuvutia samaki, kinachofungwa kwenye uzi mbele ya chambo, uzi wa kutoka hapo hadi kwenye chambo uwe mfupi, kama sentimita 30, la sivyo chambo hakitacheza.

Wanaponyoka kwa sababu midomo yao ni laini na huchanika: tumia fimbo nyepesi inayopinda, na ulegeze breki ya rili (gurudumu la kukunjia uzi). Tafadhali vaa jaketi okozi muda wote. Maji ya Chelan ni baridi.