Maduka ya Zamani Kando ya Reli ya Kati

Swali lenu la wiki hii linauliza ni kitu gani cha zamani katika mji wa msomaji kinachostahili kutafutwa na kuwekewa kumbukumbu kabla hakijatoweka. Mimi ni mkazi wa Tabora, na jibu langu ni maduka ya rejareja ya zamani pamoja na maandishi ya kwenye kuta zake. Wageni wetu hupelekwa Kwihara kuliona tembe alimokaa Livingstone, na ni haki yao, lakini njiani huyapita maduka hayo bila mtu kuwaonyesha lolote.

Anayetaka kuyatafuta na aanze na reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na wenye maduka, wengi wao Wahindi na Waarabu, walipenda kujenga jirani na stesheni na soko, mahali mizigo iliposhushwa. Kwa hiyo hata Urambo, Kaliua au Uvinza, ukishuka kwenye treni utafute kwanza mtaa ulio karibu na stesheni. Duka la zamani hujulikana kwa baraza yake pana yenye nguzo, ambapo hadi leo fundi cherehani huketi, kwa milango ya mbao inayokunjwa vipande vipande na kufungwa kwa komeo la chuma, na kwa ukuta wa mbele uliopandishwa juu kuliko bati. Huko juu ndiko mwenye duka alikoandika jina lake na mwaka wa kujenga.

Ukuta huo usiutazame saa sita mchana. Nenda asubuhi au jioni, jua linapoupiga kwa ubavu, maana hapo herufi za lipu zilizotokeza hutupa kivuli chembamba, na jina lililopakwa chokaa mara nyingi likasomeka tena. Jirani na soko letu kuna ukuta ambao juu una mwaka wa kujengwa, na chini yake, pale rangi ya kampuni ya simu ilipobanduka, yanajitokeza maneno DUKA LA USHIRIKA kwa rangi ya bluu iliyopauka. Anayeijua historia yetu atausoma ukuta huo bila shida: mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia maduka ya watu binafsi yafungwe na ya ushirika yachukue nafasi yake.

Sheria haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, hivyo duka la enzi ya reli halimo mpaka litangazwe rasmi. Hata hivyo sheria hiyohiyo inailinda milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Maana yake ni kwamba mlango wa kuchonga wa duka la Ujiji unaweza kuwa na ulinzi, ilhali ukuta unaoushikilia hauna mtetezi, jambo ambalo kwangu ni pengo kubwa.

Kabla ya kupiga picha, msalimu mwenye nyumba na ujieleze, kwa sababu mtu anayekodolea macho ukuta hudhaniwa kuwa dalali au mtu wa mapato. Wazee usiwaulize jengo ni la mwaka gani. Waulize lilikuwa duka la nani na wao walitumwa kununua nini pale, na hapo utasikia habari za foleni za sukari na sabuni, na za mafuta ya taa yaliyopimwa kwa kibaba.

Ninaliomba jarida hili litenge ukurasa wa picha za maduka haya kutoka kwa wasomaji wa Tabora na Kigoma. Kila picha iambatane na jina la mtaa na tarehe iliyopigwa, na maandishi ya ukutani yanakiliwe herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake ya tahajia.