Maswali ya Wasomaji: Mabweni ya Mlimani na asili ya “kubebana”

SWALI: Mhariri, salaam. Binti yangu amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na waliomtangulia wamemwambia kwamba akikosa chumba “atabebwa”. Shangazi yake, aliyesoma hapo miaka ya mwanzo ya 1970, anaapa kwamba wakati wao hakuna aliyebebwa na yeyote: kila mtu alikuwa na kitanda chake, na chakula alikikuta mezani. Nimsadiki nani? Na hosteli za Magufuli ndizo zipi? — Mzazi, Newala.

JIBU: Ndugu Mzazi, shangazi mtu ni mkweli na hao vijana ni wakweli pia, ila kila upande unasimulia Mlimani ya zama zake.

Chuo kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, hakikuwa hata huko Mlimani. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14, ambao leo wangeenea katika Coaster moja na viti vingine vikabaki wazi. Mwaka 1964 kilihamia kilimani, yapata kilomita 13 kutoka katikati ya jiji, mahali ambapo kwa watu wa wakati ule palikuwa ni shamba. Kwa kuwa hapakuwa na mitaa ya kupanga vyumba, bweni lilikuwa sehemu ya chuo kama lilivyo darasa. Aliyesoma pale alilala pale na kula pale. Mabweni hayo yalipewa namba badala ya majina, Hall I, Hall II na kuendelea, na hadi leo wahitimu wawili wasiofahamiana wakikutana msibani au harusini, hawakawii kuulizana walikaa Hall ya ngapi.

Gharama zote hizo zilibebwa na Serikali, na maisha hayo yaliwapa wasomi hadhi ambayo haikumfurahisha kila mtu. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sharti la kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa huku sehemu kubwa ya mshahara wao ikikatwa, na Mwalimu Nyerere, aliyekasirika hata akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe, aliwarudisha makwao zaidi ya 300. Vyumba vikabaki vitupu. Shangazi alifika baada ya sokomoko hilo, chuo kikiwa kimekwisha kuwa Chuo Kikuu kamili tangu Julai 1970, na utaratibu wa kitanda kimoja kwa mtu mmoja ungali haujavunjika.

Kilichouvunja ni hesabu. Katika miaka ya 1990 Serikali ilianzisha uchangiaji wa gharama za elimu ya juu, na chuo nacho kikaanza kupokea wanafunzi wengi kuliko ilivyowahi kufikiriwa wakati mabweni yanachorwa. Mikopo iliposimamiwa na bodi maalumu kuanzia mwaka 2005, watoto wa wakulima wasiokuwa na ndugu jijini waliongezeka, jambo la heri, lakini vitanda havikuongezeka kwa kasi hiyo. Hapo ndipo “kubebana” kulipozoeleka: mwenye chumba kihalali humchukua mwenzake aliyekosa, wakagawana godoro la futi mbili na nusu kwa kulala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, au mgeni akatandika godoro lake sakafuni usiku na kulisukuma chini ya kitanda alfajiri kabla hajaonekana. Kanuni haziruhusu. Hata hivyo, mimi nasita kuuita utovu wa nidhamu moja kwa moja, kwa maana anayebebwa mara nyingi ni mtoto wa mtu kutoka Newala au Liwale, ambaye bila hisani hiyo angelala kituo cha mabasi.

Chuo hakikukaa kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kutumika hosteli ya Mabibo, yenye uwezo wa kupokea maelfu ya wanafunzi, lakini iko nje ya Mlimani, na anayekaa huko huamkia foleni ya usafiri.

Hosteli unazouliza zilitokana na ahadi ya Juni 2016, Rais John Magufuli, ambaye naye alisomea chuoni hapo, alipokwenda kuweka jiwe la msingi la maktaba mpya. Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) ulipewa kazi, zikatengwa shilingi bilioni 10, na tarehe 15 Aprili 2017 akazifungua mwenyewe: majengo 20 ya kulala wanafunzi 3,840, yaani 192 kwa kila jengo. Desemba mwaka huohuo picha za nyufa zilizagaa mitandaoni, TBA ikaeleza kwamba ni nafasi zilizoachwa makusudi ili majengo yaweze kutanuka, na mjadala ukawa mkali kuliko ulivyostahili. Wanafunzi wanaishi humo mpaka sasa.

Kwa binti yako, ushauri wangu ni kwamba aombe chumba mara tu dirisha la maombi linapofunguliwa, asisubiri fedha za mnada wa korosho ziingie ndipo aanze kuulizia, maana masomo huanza wakati huohuo wa msimu na nafasi hazimngoji mkulima. Akikosa, ni heri atafute wenzake watatu wapange nyumba karibu na chuo.

Na ikiwa una wadogo zake, zingatia kwamba chuo hichohicho kinajenga kampasi Ngongo, Lindi, kwa fedha za mradi wa elimu ya juu unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kutoka kwako Newala, huko hakuna haja ya kuvuka Rufiji.